Diski ya Kontena Imejaa? Hesabu Ghala Kwanza

Ukishaingia chuo kikuu kusoma kompyuta, hata kama uko mwaka wa pili na bado una sapu ya hesabu, kule nyumbani wewe tayari ni fundi. Printa ikigoma wanakuita wewe. Simu ya mjomba ikijaa, wewe. Na kwa kuwa siku hizi seva ndogo zimeanza kufika mpaka vijijini, na zenyewe zikigoma utaitwa wewe. Makala hii naiandika kwa ajili ya siku hiyo.

Somo letu ni dogo: jinsi ya kuongeza nafasi ya diski kwenye kontena la Linux lililoko ndani ya seva ya Proxmox. Amri yenyewe ni moja na inaisha ndani ya sekunde chache. Kazi iko kwenye hesabu inayotakiwa kufanyika kabla ya amri, na wengi huiruka. Nitaieleza kwa kutumia seva moja iliyoko Nemba, wilayani Biharamulo, Kagera, ambayo niliishughulikia likizo ndefu.

Kisa chenyewe

Nemba kuna kituo kidogo cha kujisomea. Wanaosoma pale ni watahiniwa wa kujitegemea, yaani vijana waliomaliza kidato cha nne matokeo yakawa mabaya, wanaojiandaa kurudia mtihani wa Novemba. Wengine ni mama wenye watoto, wengine wanashinda shambani asubuhi na kuja jioni. Bando la intaneti kwao ni gharama, kwa hiyo kituo kina seva yake ya ndani. Unafika na simu yako, unaunganisha Wi-Fi, unasoma bila kutumia hata mega moja ya bando.

Seva hiyo ni kompyuta ya mezani ya mitumba yenye SSD ya giga 500, imewekwa Proxmox VE. Ndani yake kuna makontena matatu:

Kontena 101: maktaba ya Kiwix, yaani Wikipedia na vitabu vya kusomwa bila intaneti. Limepewa giga 200.

Kontena 102: Moodle, mfumo uleule ambao vyuo vyetu vingi vinautumia kwa kozi na kazi za wanafunzi. Limepewa giga 20.

Kontena 103: folda ya pamoja ya walimu, yenye notisi, mitihani ya nyuma na video. Limepewa giga 150.

Mwezi Agosti Moodle iligoma. Ukurasa ulikuwa unafunguka lakini mtu akijaribu kuingia anarudishwa palepale. Aliyefanikiwa kuingia, akipandisha kazi yake inakataa. Kwenye logi za databesi kulikuwa na sentensi moja inayojirudia: `No space left on device`. Diski imejaa.

Msimamizi wa kituo ni mwalimu mstaafu. Baada ya shikamoo na marahaba akaniuliza swali ambalo kila mtu angeuliza.

"Sasa kijana wangu, nguo ikibana si unampelekea fundi aiachie? Hiyo diski si uiongeze tu?"

"Naweza mwalimu, tena haraka. Ila fundi anaachia nguo kama kuna kitambaa kimebaki kwenye pindo. Niruhusu kwanza niangalie pindo."

Hilo ndilo somo zima. Yanayofuata ni namna ya kuliangalia hilo pindo.

Kontena si mashine pepe

Kabla ya amri, tuelewane kuhusu tabaka. Mashine pepe ni kompyuta kamili ya kuigiza: ina kerneli yake, diski yake ya kuigiza, na ndani ya diski hiyo ina jedwali lake la partisheni. Kontena halina hayo yote. Linatumia kerneli ya seva mama, ila limewekewa uzio ili lione michakato yake, mtandao wake na mafaili yake tu. Uzio huo umejengwa ndani ya Linux yenyewe. Sehemu yake inayogawa rasilimali, iitwayo cgroups, iliingia kwenye kerneli 2.6.24 mwaka 2008, na mwaka huohuo ndipo LXC ikaanza. Proxmox ilihamia LXC katika toleo la 4.0, mwaka 2015. Kabla ya hapo ilikuwa inatumia OpenVZ.

Kwa upande wa diski, tofauti ni hii. Mfumo wa mafaili wa kontena unafunguliwa na seva mama, siyo na kontena lenyewe. Kwa hiyo ukiingia ndani ya kontena ukajaribu kuipanua diski kutoka humo, utakataliwa, maana humo ndani kifaa chenyewe huna mamlaka nacho. Kupanua hufanyika nje, kwenye seva mama. Faida yake ni kwamba hakuna partisheni ya kuhangaika nayo.

Ukishuka kutoka juu kwenda chini, unakuta ngazi tatu. Juu kabisa ni mfumo wa mafaili, mara nyingi ext4, ambao ndio kontena linauona. Katikati ni ujazo wa LVM uliotengwa kwa ajili ya kontena hilo. Chini ni ghala la pamoja, ambalo makontena yote yanachota humo. Ghala lenyewe limekaa juu ya diski halisi. Ujumbe wa "imejaa" unaweza kutoka ngazi yoyote, na dawa ya ngazi moja haiponyi nyingine.

Hatua ya kwanza: nani kaijaza?

Ingia ndani ya kontena kutoka seva mama:

`pct enter 102`

Kisha uliza mambo mawili:

`df -h /`
`df -i /`

Amri ya kwanza inaonyesha giga zilizotumika. Ya pili inaonyesha inodi. Kila faili linahitaji inodi moja, na kwenye ext4 idadi ya inodi hupangwa pale diski inapoumbwa. Ukiwa na mafaili madogo madogo kwa mamilioni, inodi zinaweza kwisha huku giga zipo, na ujumbe wa kosa ni uleule. Kwa hiyo usiruke amri ya pili.

Kwetu Nemba inodi zilikuwa nyingi tu. Tatizo lilikuwa giga: ukubwa 20, zimetumika 19, zilizobaki 0. Utajiuliza, ishirini ukitoa kumi na tisa si inabaki moja? Hapana. Kwa kawaida ext4 huweka akiba ya asilimia 5 kwa ajili ya mkuu wa mfumo ili seva isikwame kabisa, na asilimia 5 ya 20 ni giga 1. Databesi hairuhusiwi kuigusa hiyo.

Sasa mtafute mlaji:

`du -xh --max-depth=2 / | sort -h | tail -20`

Herufi x inaiambia amri isivuke kwenda mifumo mingine ya mafaili, ibaki kwenye diski hiihii. Orodha itakuja na walaji wakubwa chini. Hapa nilikuta giga 1.5 za logi za mfumo, na giga 3 za bekapu za kozi ambazo Moodle ilikuwa inajitengenezea kila usiku bila kufuta za zamani. Logi nikazipunguza hivi:

`journalctl --vacuum-size=200M`

Bekapu za kozi nikazihamishia kwanza kwenye diski ya nje, ndipo nikafuta zile za zamani na kuiambia Moodle ibakize chache tu. Jumla zikapatikana giga 4.5 hivi. Databesi ikapumua na vijana wakaanza kuingia tena jioni ileile.

Wengi wangeishia hapo wakaenda zao. Lakini angalia hesabu ya mbele. Vijana 120, kila mmoja anapandisha kazi moja kwa wiki, kila kazi ni picha tatu za daftari, kila picha ya simu ni kama mega 3. Zidisha: zaidi kidogo ya giga 1 kwa wiki. Mpaka Novemba zilikuwa zimebaki kama wiki 12, yaani giga 13. Nafasi iliyokuwepo baada ya kusafisha, ukitoa na ile akiba, ni giga 4.5. Ingejaa tena ndani ya mwezi mmoja, Septemba hivi, wakati wa majaribio ya mwisho mwisho. Kwa hiyo tulifanya mawili: tukaweka kikomo cha mega 1 kwa kila picha kwenye Moodle, na tukakubaliana kwamba kontena liongezwe giga 10. Kikomo kinashusha matumizi mpaka chini ya mega 400 kwa wiki. Nyongeza ni kwa ajili ya siku ambayo mtu atakiondoa kile kikomo.

Hatua ya pili: shuka ukaone ghala

Toka kwenye kontena kwa `exit`, ubaki kwenye seva mama. Sasa:

`vgs`
`lvs`

Ukiweka Proxmox kwa mipangilio yake ya kawaida kwenye diski ya giga 500, inajikatia sehemu ya mfumo, inaacha giga 16 za akiba, na kinachobaki, kama giga 338, inakifanya ghala la pamoja liitwalo `data`. Ghala hili ni la aina ya pekee. Ukiliandikia kontena giga 150, hakuna giga 150 zinazokatwa siku hiyo. Kontena linapewa ahadi. Nafasi halisi inachukuliwa kidogo kidogo kadiri mafaili yanavyoandikwa.

Tunaotoka mikoa ya wakulima tunaufahamu mfumo wa stakabadhi za ghala, ambao una sheria yake tangu mwaka 2005. Kule gunia linaingia kwanza, ndipo karatasi inaandikwa. Kwenye ghala la Proxmox karatasi inatangulia gunia. Mtunza ghala anawaandikia watu watatu nafasi, akitegemea kwamba hawatavuna wote kwa wingi msimu mmoja.

Nemba karatasi zilikuwa hivi: 200, 20 na 150. Jumla 370. Ghala ni 338. Tayari ahadi zilikuwa zimezidi ghala kwa giga 32 kabla mimi sijagusa kitu.

Kwenye jibu la `lvs`, tafuta mstari wa `data` usome safu ya `Data%` na ile ya `Meta%`. Kwetu `Data%` ilikuwa inakaribia 91.4. Yaani kwenye giga 338, giga 309 zilikuwa zimeshachukuliwa: maktaba 180, Moodle 19, folda ya walimu 110. Zilizobaki kweli ni giga 29 tu.

Kwa nini hili ni jambo zito? Kontena moja likijaa, linaumia lenyewe. Ghala likijaa, wanaumia wote. Uandishi unasimamishwa kwanza, kwa kawaida kwa sekunde 60, ukisubiri mtu aongeze nafasi. Asipotokea mtu, uandishi unarudishwa kama kosa, na mifumo ya mafaili inaweza kujifunga ikawa ya kusomwa tu au kuharibika. Na ndani ya makontena `df` itakuwa inaonyesha nafasi bado ipo, maana yenyewe inasoma karatasi, haioni ghala. Safu ya `Meta%`, ambayo ni daftari la ghala lenyewe, ikifika 100 hali ni mbaya zaidi. Ikikaribia 80, iongeze mapema kutoka kwenye ile akiba:

`lvextend --poolmetadatasize +1G pve/data`

Hatua ya tatu: rudisha kilichofutwa

Hapa kuna jambo ambalo halionekani kirahisi. Niliangalia folda ya walimu kwa ndani, `df` ikasema zimetumika giga 70. Lakini ghala lilikuwa linaihesabia giga 110. Zile 40 zimeenda wapi?

Walimu walikuwa wamefuta video za zamani. Ukifuta faili ndani ya kontena, ext4 inaandika kwenye kumbukumbu zake kwamba sehemu ile iko wazi. Ghala kule chini halijaambiwa. Linaendelea kuamini kwamba magunia yapo. Amri ya kuliambia ni hii, kwenye seva mama:

`pct fstrim 103`

Haifuti faili lolote lililopo, inarudisha tu nafasi ambazo tayari ziko wazi. Baada ya dakika chache `lvs` ikashuka mpaka karibu 79.6. Giga zilizobaki ghalani zikawa 69 badala ya 29, na hatujanunua kitu. Ifanye hii iwe kazi ya kila wiki ukiona walimu wanafuta na kupandisha vitu mara kwa mara.

Hatua ya nne: bekapu, halafu amri

Sasa ndipo tunafika kwenye kile mwalimu alichokiomba mwanzo. Kupanua ext4 ni kazi salama na hufanyika kontena likiwa linatembea. Lakini kwa radi za Kagera umeme unaweza kukatika muda wowote, kwa hiyo bekapu kwanza, na iende kwenye diski ya nje. Ukiiweka kwenye SSD ileile, SSD ikifa inakufa na bekapu yake.

`vzdump 102 --mode stop --compress zstd --dumpdir /mnt/nje`

Nimechagua `stop` kwa sababu databesi inazimwa vizuri kwanza, na kwa sababu bekapu ya kontena linalotembea hutengeneza snapshoti, ambayo nayo inachota ghalani. Kituo kikiwa kimefungwa usiku, kuzima kwa dakika kumi hakumuumizi mtu.

Kisha amri:

`pct resize 102 rootfs +10G`

Angalia alama ya kujumlisha. `+10G` maana yake ongeza kumi juu ya kilichopo, tunapata 30. Ukiandika `30G` bila alama, maana yake ukubwa uwe 30. Zote zinafika palepale, mradi ujue umeandika ipi. Ukiandika `10G` bila alama kwa kontena la giga 20, Proxmox itakataa, kwa sababu amri hii haipunguzi.

Amri hii moja inafanya kazi mbili: inapanua ujazo wa LVM, halafu inaupanua mfumo wa mafaili uliopo juu yake. Hakiki:

`pct df 102`

Ikitokea ujazo umepanuka lakini `df` bado inasema 20, ngazi ya juu imebaki nyuma. Zima kontena, kagua mfumo wa mafaili, uupanue kwa mkono:

`pct stop 102`
`lvchange -ay pve/vm-102-disk-0`
`e2fsck -f /dev/pve/vm-102-disk-0`
`resize2fs /dev/pve/vm-102-disk-0`
`pct start 102`

Jina la ujazo lisome kwenye `pct config 102`, usilikisie. Na kama seva yako inatumia ZFS badala ya LVM, hakuna `resize2fs` hapo. Proxmox inabadilisha tu kikomo cha kontena na mabadiliko yanaonekana papo hapo. Kama ni mashine pepe, amri ni `qm disk resize`, halafu inabidi uingie ndani ya mashine yenyewe upanue partisheni na mfumo wa mafaili. Ndiyo ile tofauti niliyoitaja mwanzo.

Hatua ya tano: ahadi zitoshe ghala

Moodle sasa ina giga 30, watu wamefurahi. Lakini rudi kwenye karatasi: 200 jumlisha 30 jumlisha 150 ni 380. Ghala bado ni 338. Makontena yana haki ya kudai giga 111 zaidi, huku ghalani zimebaki 69. Tumeponya kontena moja na kuzidisha deni la ghala.

Je, ni kosa kuahidi kuliko ulicho nacho? Inategemea nani anakesha. Kwenye kampuni yenye watu wa zamu na diski za akiba kabatini, ni jambo la kawaida, na linaokoa pesa. Nemba hali si hiyo. Mimi Oktoba narudi chuo. Mtihani ni Novemba. Mwalimu mstaafu anajua kuwasha na kuzima, hajui `lvs`, na hapaswi kulazimika kujua. Mwalimu mmoja akija na flashi ya video giga 80 akazimwaga kwenye folda, ghala linajaa, na kazi za vijana 120 zinakwama wiki ambazo wanazihitaji kuliko zote. Mahali ambapo hakuna wa kukesha, jumla ya ahadi isizidi ghala.

Kwa hiyo mtu mmoja apunguziwe. Maktaba ina mafaili makubwa ambayo hayabadiliki, na Wikipedia ya Kiingereza yenye picha peke yake inafika kama giga 100. Tukiipunguza tunapoteza vitabu. Aliyekuwa na nafasi ya ziada ni folda ya walimu: giga 150 wakati wanatumia 70. Tukakaa na walimu, tukakubaliana 90. Jumla mpya: 200, 30 na 90, sawa na 320. Ghala 338. Zinabaki 18. Hata wote wakijaa siku moja, kila mmoja atagonga ukuta wake mwenyewe bila kumwangusha jirani.

Kupunguza ni kazi nyeti kuliko kuongeza. Ext4 haipunguziki ikiwa inatumika, na Proxmox haikupi amri ya kupunguza kontena. Njia safi ni kuchukua bekapu na kulirudisha kontena kwenye diski ndogo zaidi. Kwanza hifadhi jibu la `pct config 103`, uone kama kuna diski nyingine zilizounganishwa pale, maana utaratibu huu ni wa kontena lenye diski moja. Kisha:

`vzdump 103 --mode stop --compress zstd --dumpdir /mnt/nje`

Ningependa kulirudisha kwa namba mpya, nilijaribu, nilinganishe, ndipo nifute la zamani. Ghala halikuruhusu: nakala ya pili ya giga 70 haitoshi kwenye giga 69, na usiku ule Moodle nayo ilikuwa inaendelea kuandika. Ilibidi la zamani lifutwe ndipo jipya liingie. Katika hali hiyo bekapu moja haitoshi. Nilinakili faili la bekapu kwenye diski ya nje ya pili, nikakagua nakala zote mbili:

`zstd -t /mnt/nje/vzdump-lxc-103-*.tar.zst`

Kisha nikafungua orodha ya mafaili yaliyomo kwa `tar --zstd -tf`, na nikatoa mafaili matatu kati yake, notisi moja, mtihani mmoja na video moja, nikayafungua kwenye kompyuta nyingine. Yalipofunguka ndipo nikaandika (jina la faili nimelifupisha hapa):

`pct stop 103`
`pct restore 103 /mnt/nje/vzdump-lxc-103.tar.zst --rootfs local-lvm:90 --force 1`

Neno `--force` linafuta kontena lililopo. Ukilitumia kabla hujafungua hata faili moja kutoka kwenye bekapu, unacheza kamari na kazi za watu wengine. Likishamaliza, waweke walimu wawili wakague folda zao kabla hujafuta bekapu yoyote. Tulizihifadhi zote mbili mpaka mtihani uishe.

Na kama kuna hela ya diski mpya?

Ikiwepo, nzuri, ila kuna uamuzi wa kufanya. Unaweza kuiunganisha diski mpya kwenye ghala lilelile:

`lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL`
`pvcreate /dev/sdb`
`vgextend pve /dev/sdb`
`lvextend -l +100%FREE pve/data`

Ghala linakuwa kubwa papo hapo. Tatizo ni kwamba sasa ghala moja limekaa juu ya diski mbili bila nakala. Ikifa yoyote kati ya hizo mbili, ghala zima limekufa. Kwa kituo kama cha Nemba ningeifanya diski mpya kuwa hifadhi ya pili inayojitegemea, nihamishie maktaba huko kwa `pct move-volume`, na ghala la zamani libaki na Moodle na folda. Maktaba ikipotea inapakuliwa upya. Kazi ya mtahiniwa haipakuliwi popote. Na kabla ya `pvcreate` soma namba ya diski mara mbili, kwa sababu amri hiyo inaiandaa diski upya kwa LVM, na ukiielekeza kwenye diski yenye vitu utavipoteza.

Zoezi la kwenda nalo field

Seva ya zahanati ina ghala la giga 220. Kuna makontena manne: giga 60, 50, 80 na 40. `Data%` inasoma 70. Kontena la giga 40 limejaa, na daktari anataka liongezwe giga 20 leo. Usiandike amri kwanza. Jibu kwa karatasi: Ahadi zimefika ngapi sasa, na zitakuwa ngapi baada ya nyongeza? Ghalani zimebaki giga ngapi za kweli? Ni kontena gani utaliangalia kwanza kwa `fstrim`, na utajuaje? Nani atapunguziwa, na utamwambiaje? Na wewe ukishaondoka, nani atasoma `lvs`?

Ukishapata majibu ya maswali hayo, `pct resize` utaiandika mwenyewe bila kuuliza mtu. Kama swali la mwisho limekosa jibu, basi punguza ahadi mpaka zitoshe ghala kabla hujapanda basi kurudi chuo.